Gari Linawaka, Lakini Halitoki

Mradi wa kuboresha gari la zamani la Kimarekani huanza na mpango unaoeleweka vizuri. Mwenye gari ana Chevelle, Camaro au Mustang ya miaka ya 1960, ya milango miwili na injini ya silinda 8, na anataka mambo matatu: injini yenye nguvu zaidi, breki za diski na rangi mpya. Muda anaojiwekea aghalabu ni kipindi kimoja cha baridi, kwa sababu katika majimbo ya kaskazini mwa Marekani barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji na magari ya aina hii hufungiwa ndani. Ahadi ni kwamba kiangazi kikifika, gari litakuwa barabarani.

Wapo wanaotimiza ahadi hiyo. Wengi zaidi hufika kiangazi wakiwa na gari linalowaka na kunguruma vizuri, ila halijaweza kwenda mji wa pili na kurudi. Naona tatizo liko kwenye kipimo. Mpango huandikwa kwa nguvu za farasi, na gari hutumika kwa safari.

Hata hizo nguvu za farasi zina utata wake. Chevelle ya 1970 yenye injini kali zaidi ya lita 7.4 ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 450, lakini enzi hizo injini ilipimwa ikiwa peke yake, bila mizigo yote inayoilemea ikiwa ndani ya gari. Kufikia 1972 viwanda vya Marekani vilikuwa vimehamia kipimo kinachokaribia hali halisi, na namba zikashuka. Anayeweka lengo kwa kulinganisha injini ya leo na tangazo la 1970 analinganisha vipimo viwili visivyolingana.

Kazi yenyewe huanza kwa kufumua, na hapo ndipo kalenda hupata pigo la kwanza. Kutu hujificha chini ya kioo cha nyuma, kwenye sakafu ya buti na chini ya betri, na hakuna anayejua imekula kiasi gani mpaka rangi ikwanguliwe. Mabati ya kubadilisha yapo. Kwa Mustang na Camaro za mwanzo hata bodi nzima mpya huuzwa. Adimu ni fundi bodi mzuri mwenye nafasi. Akisema wiki sita zikawa miezi sita, mara nyingi si uzembe wake: alikadiria kazi ambayo hakuwa ameiona.

Pigo la pili hutoka kwenye injini, na hapa inafaa kukaa kidogo, kwa sababu ndipo bajeti nyingi huvunjikia. Tuchukue injini za Chevrolet za familia ya LS, zilizoanza kwenye Corvette ya modeli ya 1997. Ni nyepesi, zina nguvu, na hupatikana kwenye magari yaliyopata ajali. Bei ya injini huonekana nafuu. Lakini kabureta ya zamani hutosheka na petroli yenye shinikizo la pauni 6 hivi kwa inchi ya mraba, na LS inahitaji takriban 58. Kwa hiyo pampu hubadilishwa, na mabomba, na mara nyingi tangi. Inafuata kompyuta na nyaya zake, maunti za injini, sampu ya oili isiyogonga chasisi, na rejeta. Nguvu mpya ikishafika kwenye gia boksi na difu zilizoundwa kwa injini dhaifu zaidi, nazo hudai zamu yao.

Anayebaki na injini ya zamani hakwepi mnyororo huo. Kemshafti kali huongeza nguvu mizunguko ikiwa juu, ila hupunguza mvuto wa hewa ndani ya manifoldi injini ikiwa sailensa, na mvuto huo ndio unaoisaidia busta ya breki. Breki za diski zilizokuwa kwenye mpango tangu mwanzo zinaweza kufungwa zote, na bado mguu ukalazimika kukanyaga kwa nguvu nyingi.

Vinavyoachwa bila kumalizika ni vilevile karibu kila mahali: raba za madirisha, waipa, geji ya mafuta, hita, kupanga magurudumu, na marekebisho ya mwisho ya injini. Havionekani kwenye picha, na fedha huwa zimeisha kwenye rangi. Lakini ndivyo vinavyoamua nani atalitumia gari. Likichemka kwenye foleni, klachi ikiwa nzito na mvua ikiingia, mwenye gari peke yake ndiye atakayelivumilia, tena kwa safari fupi.

Magari ya karibuni hufuata njia nyingine. Dodge Challenger Hellcat ya 2015 ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 707. Kubadilisha puli ya supachaja yake ni kazi ya siku chache, na gari hurudi barabarani upesi. Kizuizi huja kwenye usajili. California haiyapimi moshi magari ya petroli ya modeli za 1975 na kurudi nyuma, lakini mengi ya baada ya hapo hupimwa, na kifaa kisicho na kibali kinaweza kulifungia gari nje ya barabara hata kama linakwenda vizuri.

Mpango ninaouamini zaidi huanza na breki, upoozaji na nyaya, huku injini ya zamani ikiendelea kulitembeza gari, na kila hatua ikifungwa kabla ya inayofuata kufunguliwa. Kwa mpangilio huo, injini mpya ikichelewa hadi mwaka unaofuata, mwenye gari bado ana kitu cha kuendesha mwezi Juni, na mwenzake nyumbani anaweza kuchukua funguo akaenda nalo dukani.