Unaenda Machakos Krismasi? Angalia jam kabla hujalipa nauli

Kutoka Nairobi hadi Machakos mjini ni kama kilomita 65. Siku ya kawaida ni safari ya saa moja na kitu hivi. Lakini jioni ya tarehe 24 Desemba, saa hiyo moja inaweza kuisha ukiwa bado Mlolongo, watoto wana njaa, na muthokoi unapoa nyumbani.

Mombasa Road si ya watu wa Machakos peke yao. Wanaoenda Mombasa, Makueni, Kitui na Namanga wako hapo, pamoja na malori. Hata ukipanda Expressway kule Westlands, kilomita zake 27 zinaishia Mlolongo, na hapo unakutana tena na waliopita chini. Afueni huanza baada ya Athi River, wa Kitengela na Namanga wakishakata kulia. Wewe unaendelea mpaka Kyumvi, unakata kushoto.

Simu yako inajua

Google Maps husoma mwendo wa simu zilizo barabarani. Kijani, magari yanasonga. Nyekundu, ni jam. Wengi huangalia wakiwa tayari wamekwama, kumbe unaweza kuangalia siku kadhaa kabla:

1. Andika unakoenda, kisha uombe njia.
2. Bonyeza vidoti vitatu, uchague saa ya kuondoka.
3. Jaribu saa kumi na moja alfajiri, saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Linganisha.

Utapewa makadirio, kwa mfano dakika 70 hadi 130. Panga na ile 130. Makadirio haya hutegemea mazoea ya siku zilizopita, na Krismasi haina mazoea. Kwa hivyo siku yenyewe, angalia tena kabla ya kufunga mlango. Kama kwenu ni upande wa Tala au Kangundo, linganisha pia na Kangundo Road kupitia Ruai na Joska.

Ukiwa dereva, mwachie simu abiria wako.

Saa ikibadilika, bei inabadilika

Steji ikijaa, nauli hupanda. Tuseme imeongezeka shilingi 200 na mko watano: hiyo ni 1,000 imeenda kabla hamjanunua hata unga. Kama kazi inakuruhusu, safiri siku mbili tatu mapema, au toka alfajiri.

Weka pesa ya nauli au mafuta kwenye simu mapema pia. Usingoje kutafuta wakala mwenye float usiku wa mkesha. Uliza nauli kabla ya kupanda gari, na ukilipa kwa simu, soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha malipo.

Chunga hii

Matapeli pia wanajua kuna jam. Mzazi anayekungoja anaweza kupata ujumbe: “Mama, gari limeharibika Kyumvi, tuma pesa kwa namba hii.” Akiwa na wasiwasi, atatuma. Kwa hivyo kabla ya kuondoka, mpigie umwambie unatoka saa ngapi na unatarajia kufika saa ngapi. Mkubaliane kwamba ombi lolote la pesa likitoka namba ngeni, akupigie kwanza kwa namba yako ya kawaida.

Ukichelewa, atajua ni jam tu. Safari njema!