Kupiga Chapa Maneno ya Daktari



Vijana wetu wanaosomea shahada ya pili, hasa walio ng'ambo, hutuuliza kama kazi ya kupiga chapa maneno ya daktari inaweza kuwasaidia kulipa ada. Kazi yenyewe imeenea zaidi Marekani. Daktari akishamwona mgonjwa husema maelezo yake kwenye kinasa sauti. Mtu mwingine huyasikiliza, mguu ukikanyaga pedali ya kusimamisha na kurudisha sauti, na kuyaandika kwenye kompyuta ili yaingie katika jalada la mgonjwa. Malipo mara nyingi huhesabiwa kwa mstari, na kwa desturi mstari ni herufi 65 pamoja na nafasi zake. Mwanafunzi huweza kuifanya usiku au kati ya vipindi.

Hilo hatulipingi. Tunachohofia ni huo mstari. Anayelipwa kwa mstari hukimbia, na anayekimbia usiku wa manane, baada ya kutwa nzima maktabani, hudanganywa na sikio. Kwa Kiingereza, jina la presha ya kupanda na la presha ya kushuka hutofautiana kwa sauti kidogo tu. Fiftini na fifti, yaani 15 na 50, huchanganywa hata na walio macho.

Mwaka 2008, katika jimbo la Alabama, mama mmoja mwenye kisukari alitoka hospitali kwenda kituo cha kumtunza hadi apate nafuu. Maelezo yake yalikuwa yamepigwa chapa mbali, nchini India. Insulini uniti 8 iliandikwa 80. Akachomwa 80, akafariki dunia. Mwaka 2012 mahakama iliamua jamaa zake walipwe dola milioni 140.

Sisi wauguzi tunaelewa jinsi jambo hilo linavyotokea. Mwandiko mbaya wa daktari tumezoea kuuhoji; karatasi iliyopigwa chapa safi tunaiamini upesi mno.

Kwa hiyo kijana, usipolisikia neno, usilibahatishe. Acha pengo, weka alama, daktari alijaze mwenyewe. Kila dozi isikilize tena, hata kama mstari huo utakugharimu dakika tano. Usifanyie kazi hiyo bwenini penye watu wengi, maana jina na ugonjwa wa mtu ni siri yake. Marekani ina sheria ya jambo hilo tangu mwaka 1996, na Tanzania ilitunga sheria ya kulinda taarifa binafsi mwaka 2022.

Aliye Marekani kwa viza ya masomo aulize kwanza ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwake. Kazi nje ya chuo huhitaji kibali, na kufanya bila kibali kunaweza kumkatiza masomo.

Tena, siku hizi mara nyingi kompyuta ndiyo huandika kwanza, na mtu hubaki kusahihisha, kwa malipo madogo zaidi kwa kila mstari. Asiyejua dawa na vipimo vyake hataliona kosa la mashine, kwa sababu mashine haikosei tahajia. Mwanafunzi wa uuguzi, famasia au udaktari ataliona. Huyo tunamshauri ajaribu, lakini si usiku wa kuamkia mtihani.