Mwanafunzi wetu anakwenda mazoezi ya kazi Nairobi

(Muziki wa kuingia, kisha unashuka)

MTANGAZAJI WA KWANZA: Leo tunaongea na wazazi na walezi wa wanafunzi wa vyuo. Tuanze na igizo fupi. Tuko Kakuma, jioni, mbele ya nyumba.

(Sauti za kuku na watoto wakicheza)

KIJANA: Mama, barua imetoka. Wamenikubali.

MAMA: Kweli, baba? Wapi?

KIJANA: Nairobi, Westlands. Tangu mwanzo wa mwezi wa tano hadi mwisho wa mwezi wa saba.

MAMA: Mungu ni mkubwa! Nauli usihangaike. Ile pesa ya cherehani bado ninayo.

KIJANA: Asante, mama.

MAMA: Na utalala kwa nani?

KIJANA: Kuna rafiki wa kaka, yuko Kayole. Nitampigia nikifika.

(Muziki mfupi)

MTANGAZAJI WA PILI: "Nikifika." Dada, hilo neno limenishtua.

MTANGAZAJI WA KWANZA: Hata mimi, kaka. Mama amepata nauli, kijana amepata barua, na wote wawili wanaona safari imekamilika. Kumbe bado haijaanza kupangwa.

MTANGAZAJI WA PILI: Kwanza tuelewane kwa jina. Sisi tuliotoka Kongo na Burundi tunasema staji. Wakenya wanasema atachimenti. Lakini ukishuka Nairobi ukauliza staji iko wapi, utaonyeshwa mahali pa kupandia matatu, maana pale steji ni kituo cha gari. Kwa hiyo leo tutasema mazoezi ya kazi.

MTANGAZAJI WA KWANZA: Ni kipindi ambacho mwanafunzi anakwenda kazini kufanya yale aliyoyasoma darasani, mara nyingi kwa miezi mitatu. Msimamizi wa kazini anatia sahihi katika daftari lake, na mwalimu wa chuo anakwenda kumkagua. Katika vyuo vingi vya Kenya, asiyeyamaliza hapati cheti hata kama amefaulu mitihani yote. Na jambo ambalo wazazi wengi hawaambiwi ni kwamba kwa kawaida hakuna mshahara. Wengine wanapewa posho kidogo, wengine hawapewi kitu.

MTANGAZAJI WA PILI: Hapo jirani kambini anasema, mtoto wa fulani amepata kazi Nairobi. Wiki ya pili simu zinaanza, nitumie elfu moja, nitumie mia tano. Tafadhali, wazazi, waelezeni jamaa mapema. Huyu anakwenda kusoma, hajaanza kulipwa.

MTANGAZAJI WA KWANZA: Tuje kwenye karatasi. Kenya ina Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika mwezi wa pili mwaka 2022. Mkimbizi aliyepangiwa kuishi kambini anahitaji kibali cha kusafiri ili atoke, ile ambayo watu wanaiita pasi. Inatolewa na serikali, kwa Idara ya Huduma za Wakimbizi, na inaandikwa unakwenda wapi, kwa sababu gani, na mpaka tarehe gani. Hiyo tarehe ya mwisho ndiyo ya kuangalia.

MTANGAZAJI WA PILI: Kwa sababu gani, dada?

MTANGAZAJI WA KWANZA: Kwa sababu barua ya kampuni mara nyingi inasema tu "tumekukubali". Haisemi unaanza lini, haisemi unamaliza lini. Ukiipeleka hivyo ofisini, unaweza kupewa pasi ya muda mfupi kuliko mazoezi yenyewe. Basi katikati ya mwezi wa pili wa kazi, mtoto anakuwa Nairobi na karatasi iliyokwisha. Anaogopa kutoka asubuhi, anaanza kukosa siku, na daftari linabaki na wiki tupu. Kwa hiyo kabla ya kuomba pasi, arudi kwa kampuni aombe barua yenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza, mhuri na sahihi. Aiweke pamoja na barua ya chuo. Na aombe mapema, si wiki ya safari.

MTANGAZAJI WA PILI: Na pasi hailipiwi. Mtu akikuambia toa kitu kidogo nikusogezee, huyo anakuibia.

MTANGAZAJI WA KWANZA: Njia ni ndefu, zaidi ya kilomita 700, Lodwar, Kitale, Eldoret, Nakuru, ndipo Nairobi. Polisi wanasimamisha basi. Kitambulisho cha mkimbizi na pasi viwe mfukoni, visiwe ndani ya begi lililofungwa juu ya gari. Apige picha za karatasi zote kwa simu, na nakala nyingine ibaki kwa mama. Akipata shida ya karatasi akiwa Nairobi, kuna mashirika yanayotoa msaada wa kisheria kwa wakimbizi bila malipo, kama Kituo cha Sheria na RCK. Anwani azitafute kabla hajasafiri, azibebe zimeandikwa kwenye karatasi, maana simu huzimika.

MTANGAZAJI WA PILI: Kuna jambo lingine la hapa hapa kambini. Katika nyumba nyingi, kijana aliye chuo ndiye anayekwenda kupokea chakula, ndiye anayeweka kidole kwenye mashine. Au laini ya kupokelea msaada wa chakula iko kwenye simu yake. Akipanda basi, familia inabaki inatazamana. Muulizeni ofisa wa kugawa chakula, kabla ya safari, nani mwingine anaweza kuandikwa kupokea badala yake, na jina lake yeye mwenyewe litakuwaje akiwa hayupo miezi mitatu.

(Muziki mfupi)

MTANGAZAJI WA PILI: Sasa malazi. Kijana wetu anasema atalala Kayole. Kazi iko Westlands.

MTANGAZAJI WA KWANZA: Msikilizaji, Nairobi si kama kutoka Kakuma 1 kwenda Kakuma 4. Kayole iko mashariki mwa jiji. Westlands iko upande wa pili wa katikati ya mji. Anapanda matatu mpaka mjini, anashuka, anatembea, anapanda nyingine. Tuseme ya kwanza ni shilingi 80 na ya pili 50. Hiyo ni 130 kwenda, 260 kwenda na kurudi. Kwa siku 22 za kazi ni shilingi 5,720 kwa mwezi. Na hapo tumehesabu kana kwamba nauli haibadiliki. Nairobi nauli inapanda asubuhi na jioni, na mvua ikinyesha inapanda tena, kwa gari lile lile.

MTANGAZAJI WA PILI: Kwa hiyo kitanda cha bure kinaweza kuwa ghali.

MTANGAZAJI WA KWANZA: Ndiyo hesabu yenyewe. Uliza kwanza kazi iko wapi, kisha utafute mahali pa kulala karibu na hapo. Jirani na sehemu nyingi za maofisi ya Nairobi kuna mtaa wa watu wa kipato kidogo, kwa sababu wafanyakazi wa chini wanaishi humo. Kutoka Westlands, ukifuata barabara ya Waiyaki, unafika Kangemi. Ni matatu moja, na siku ambayo pesa haipo unaweza kutembea. Karibu na Eneo la Viwanda kuna Mukuru. Karibu na Lavington kuna Kawangware. Kwa anayefanya kazi Upper Hill, watu wengi wanatoka Kibera kwa miguu kila asubuhi.

MTANGAZAJI WA PILI: Kwa nini asipange chumba chake?

MTANGAZAJI WA KWANZA: Anaweza, lakini mwezi wa kwanza unalipa mara mbili, kodi ya mwezi na dhamana, ambayo kwa kawaida ni kiasi cha kodi ya mwezi mmoja. Halafu umeme wa kununua kwa tokeni, maji ya mtungi, godoro, jiko. Kwa miezi mitatu ni mzigo. Kuishi na mtu, au wanafunzi wawili kushirikiana chumba, kunafaa zaidi. Na mtu yeyote asitume pesa ya nyumba aliyoiona kwa picha tu. Nyumba inaonwa kwa macho, unaongea na mlinzi wa ploti na majirani, ndipo unalipa.

MTANGAZAJI WA PILI: Lakini dada, kwetu mgeni hapangiwi siku.

MTANGAZAJI WA KWANZA: Najua. Na hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Yule mwenyeji naye ana chumba kimoja, pazia katikati, watoto upande mmoja. Maji ananunua. Wiki ya kwanza anapika nyama. Wiki ya tano hasemi kitu, lakini mlango unafungwa mapema. Mimi nasema hivi, kijana asipige simu hiyo peke yake. Mama au baba apige, mkubwa aongee na mkubwa. Aseme wazi: ni miezi mitatu, anamaliza tarehe fulani, kila wiki ataleta pakiti mbili za unga na atachota maji. Mwenyeji akikataa, amekusaidia, maana umejua kabla ya kupanda basi. Na kama ni binti anayesafiri, mzungumze na mwanamke wa nyumba hiyo, si na kaka mwenye nyumba peke yake.

MTANGAZAJI WA PILI: Pesa nazo zisiende zote pamoja. Pesa ya wiki mbili za kwanza abebe, nyingine mtume kidogo kidogo. Laini ya simu iwe imesajiliwa kwa kitambulisho chake mwenyewe, na aijaribu akiwa bado Kakuma. Laini ya jina la rafiki ikifungwa, pesa imefungwa nayo. Na ndani ya matatu simu isikae dirishani. Wako vijana wa kuinyakua kutoka nje gari likisimama.

MTANGAZAJI WA KWANZA: Afike angalau siku tatu kabla ya kuanza. Asijaribu njia ya kazini siku ya Jumapili, barabara zinakuwa tupu na atajidanganya. Ajaribu siku ya kazi, saa kumi na mbili asubuhi, ahesabu dakika kwa saa yake.

MTANGAZAJI WA PILI: Wasikilizaji wa nchi nyingine, sheria zenu ni tofauti. Uganda, sheria ya mwaka 2006 inampa mkimbizi ruhusa ya kusafiri ndani ya nchi, kwa hiyo wa Nakivale anayekwenda Kampala shughuli yake kubwa ni malazi na nauli. Tanzania kutoka kambini kunahitaji kibali. Wa Nyarugusu, anzeni na ofisi ya mkuu wa kambi. Sasa turudi kwa mama yetu.

(Sauti za kuku)

MAMA: Nimempigia yule mama tuliyesali naye, aliyehamia Kangemi. Amekubali mpaka mwisho wa mwezi wa saba.

KIJANA: Na yule wa Kayole?

MAMA: Yeye utamsalimia Jumapili. Barua je?

KIJANA: Wameiandika upya. Tarehe zote mbili ziko.

MAMA: Haya. Na hili sweta uliweke.

KIJANA: Mama, kwa joto hili?

MAMA: Mwezi wa saba Nairobi utanitafuta kwa simu. Weka.

(Muziki wa kutoka)