Zamu ya Krismasi Hospitalini: Nani Atabaki, na Tumsaidieje?

Kila Disemba kijiji hujaa watu. Vijana wanarudi kutoka Nairobi na Mombasa, mbuzi wanachinjwa, sufuria haziondoki jikoni. Lakini mimba haijui sikukuu. Mama akitokwa na damu nyingi baada ya kujifungua usiku wa tarehe 25, anaweza kufa kwa muda wa saa mbili tu. Kwa hiyo lazima nesi awe diuti, na mara nyingi nesi huyo ni dada au mke wa mmoja wetu kikundini.

Tuanze na orodha ya zamu. Mazungumzo yafanywe Oktoba, si wiki ya mwisho wakati kila mtu amekwisha kata tikiti ya basi. Aliyekaa Krismasi mwaka jana apewe ofu mara hii. Pia Mkristo na Mwislamu waweza kubadilishana: huyu anashika tarehe 25 na 26, yule anashika Idd-ul-Fitr, ambayo nayo ni sikukuu ya taifa. (Idd hufuata mwezi, basi msifunge makubaliano kwa tarehe moja.) Yaandikwe. Maneno ya mdomo husahaulika mtu akisikia harufu ya nyama.

Halafu pesa. Kama kikundi chenu kimemwajiri mlinzi au mfanyakazi wa usafi kwenye zahanati, jueni kwamba kanuni za mishahara za Kenya zataka saa za ziada za sikukuu zilipwe maradufu. Na Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Mwekahazina aweke pesa hizo kando mapema, asije akamwambia mlinzi "Mungu atakulipa."

Wewe unayekesha, lala kidogo mchana kabla ya kwenda. Chai unywe mwanzo wa usiku. Ukiinywa saa kumi alfajiri utafika nyumbani ukikodoa macho. Mkiwa wawili na wodi imetulia, mmoja asinzie dakika 20 hivi. Asubuhi usiendeshe pikipiki, mwombe mtu akupeleke. Na nyumbani semeni wazi kwamba mwaka huu kuku ataliwa tarehe 27. Watoto hawajali tarehe, wanajali kuku na mama awepo.

Sasa kikundi. Nesi aliye peke yake anachoka zaidi na mambo ambayo yangeweza kuanzwa nyumbani. Mtoto akiharisha, mpeni maji ya chumvi na sukari mara moja: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Akizidi kulegea au akiona damu kwenye choo, hapo mkimbizeni. Aliyeungua kwa chai au uji amwagiwe maji baridi safi dakika 20, ndipo aende. Msimpake dawa ya meno wala mafuta.

Zahanati nyingi ndogo hufungwa sikukuu. Ulizeni mapema ni kituo gani chenye wodi ya uzazi kitakuwa wazi, kisha mkubaliane na mwenye gari asiyekunywa pombe. Namba yake ya simu ibandikwe dukani na kanisani kufikia tarehe 20, na kila mama mjamzito apewe ya kwake. Chakula cha nesi kipelekwe kikiwa moto na kimefunikwa, na mpelekaji asikae kupiga domo.