Utalii umefufuka, Hasamba wanahesabu kwa vitanda na mafungu

WATALII wa kimataifa walioingia Tanzania mwaka 2019 walizidi milioni 1.5. Mwaka uliofuata, corona ilipoingia, walishuka hadi takriban 620,000. Mwaka 2022 walikaribia tena milioni 1.5, na mwaka 2024 wakavuka milioni 2.1. Kwa mwenye hoteli Arusha au Nungwi, hesabu hiyo inatosha kumrudisha benki kuomba mkopo wa kuongeza vyumba.

Hasamba, wilayani Mbozi, mkoani Songwe, hesabu hiyo inasomwa kwa macho mengine. Huku ni nchi ya kahawa, mahindi na maharage. Mzungu mwenye kamera shingoni si mgeni wa kila siku. Hata hivyo utalii upo, na wanaonufaika nao ni wale wale wanaolima: anayepeleka mafungu ya mboga soko la Vwawa, mama ntilie aliye kando ya barabara kuu, kijana wa bodaboda, na mwenye vyumba vyake sita alivyoviandikia ukutani "Guest House" kwa rangi nyekundu.

Swali linalowahusu watu hawa si kama utalii wa Tanzania umerudi, kwani hilo limeshajibiwa. Swali ni kama ule uliorudi unapita kwao, na kama mtu mwenye akiba ya msimu mmoja wa kahawa aiweke huko au aiache shambani.

Kivutio kinachojulikana zaidi wilayani humo ni Kimondo cha Mbozi, kilichopo kijiji cha Ndolezi, kilomita kadhaa nje ya barabara kuu ya Mbeya kwenda Tunduma. Ni pande la chuma lenye urefu wa mita tatu hivi, ambalo uzito wake hukadiriwa kati ya tani 12 na 16. Takriban asilimia 90 yake ni chuma, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni nikeli. Wenyeji walikuwa wakilijua tangu zamani. Mpimaji ardhi W.H. Nott alilitangaza nje mwaka 1930, na baada ya Uhuru likawekwa chini ya ulinzi wa sheria ya mambo ya kale. Miaka ya karibuni usimamizi wake umekabidhiwa Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, yenye uzoefu mkubwa wa kupokea wageni kuliko ofisi nyingine nyingi za Serikali.

Lakini mgeni wa Kimondo si yule wa Ngorongoro. Kwa sehemu kubwa ni mwanafunzi aliyeletwa na basi la shule, familia iliyotoka Mbeya au Tunduma kwa mapumziko ya siku moja, watumishi waliokuja semina Vwawa, au msafiri wa kwenda Zambia aliyeamua kuchepuka. Analipa kwa shilingi, anakula wali maharage au ugali na kuku wa kienyeji, na jioni anaondoka. Wachache hulala.

Tofauti hiyo ndiyo inayoeleza kilichotokea mwaka 2020. Mgonjwa wa kwanza wa corona nchini alitangazwa Machi 16 mwaka huo jijini Arusha, na siku iliyofuata Serikali ikaagiza shule zifungwe. Aprili 12 ndege za abiria za kimataifa zikasimamishwa. Huko Kaskazini na Zanzibar pigo kubwa lilikuwa hilo la ndege. Kwa wilaya ya Mbozi, lililouma zaidi lilikuwa lile la shule. Basi la wanafunzi 50 likikosekana, hakuna wa kununua maji, ndizi, karanga wala soda, na mfanyabiashara mdogo haoni hilo kwenye takwimu za wizara, analiona kwenye beseni linalorudi nyumbani limejaa. Ndege zilianza kuruhusiwa tena Mei 18. Shule za msingi na madarasa mengi ya sekondari hazikufunguliwa hadi Juni 29.

Pigo la pili lilitoka mpakani. Mei 2020 Zambia ilifunga kwa muda mpaka wake wa Nakonde baada ya maambukizi kuongezeka upande huo. Malori ya mizigo yaliruhusiwa siku chache baadaye, lakini ukaguzi na upimaji wa madereva uliacha foleni ndefu. Ni miezi saba tu ilikuwa imepita tangu kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kizinduliwe, Oktoba 2019, kwa matumaini kwamba foleni sasa zingekuwa historia. Tunduma ikikwama, barabara yote hadi Mbeya inakwama nayo. Dereva wa lori hajiiti mtalii, lakini ndiye anayelala gesti siku ambazo mtalii hayupo, na mwenye gesti anajua hivyo.

Jambo moja liliwaokoa wengi. Tanzania haikufungia watu ndani kama nchi jirani zilivyofanya. Masoko yaliendelea, kahawa ilichumwa, mahindi yalivunwa. Aliyekuwa na shamba na kibanda alipoteza kibanda, shamba likamlisha. Aliyekuwa ameuza shamba ili ajenge vyumba ndiye aliyeshika tama.

Zanzibar somo hilo lilikuwa kali zaidi. Visiwa vilipokea wageni takriban 538,000 mwaka 2019 na kama 260,000 tu mwaka 2020. Katika vijiji vya pwani ya mashariki, ambako hoteli zilikuwa zimewavuta vijana kutoka kwenye uvuvi na akina mama kutoka kwenye mwani, bahari na mwani ndivyo vilivyobaki kukimbiliwa. Leo wageni wa Zanzibar wamepita walivyokuwa kabla ya ugonjwa, zaidi ya 736,000 mwaka 2024. Lakini anayefikiri kuwa imani ya wenyeji ilirudi siku ile ile ndege zilipotua hajawahi kudaiwa na benki.

Mtu akiulizwa kama utalii utarudi, atajibu ndiyo, walau kwa adabu ya kumpokea mgeni. Mwulize kama yuko tayari kuuza ng'ombe wawili amalizie chumba cha wageni, hapo utapata jibu lenyewe. Imani ya mkulima hupimwa kwa anachokubali kukiweka rehani.

Tuchukue mfano wa kufikirika, kwa hesabu za kawaida. Mtu ana vyumba sita, kila kimoja Sh 15,000 kwa usiku. Vikijaa nusu kwa wastani, vyumba vitatu kwa siku 30, anapata Sh 1,350,000 kwa mwezi. Akiwa na marejesho ya mkopo ya Sh 600,000, zinabaki Sh 750,000 za kulipa mlinzi, mhudumu, umeme, maji, sabuni, mashuka na kodi. Si biashara mbaya. Sasa ugonjwa uingie, ujaze chumba kimoja tu kila usiku. Mapato ni Sh 450,000. Hajanunua hata kipande cha sabuni na tayari amepungukiwa Sh 150,000 za benki. Miezi minne ya hali hiyo ni deni la Sh 600,000 ambalo halikuwapo, mbali na gharama nyingine zote.

Kwa hiyo kabla ya kukopa, swali la kujiuliza ni chumba kimoja kikilaliwa, deni litalipwa na nini. Mwenye mibuni iliyotunzwa ana jibu. Asiye na kitu kingine afadhali aanze na vyumba viwili, kwa fedha yake au ya kikundi, hata kama jirani atamcheka.

Na hapa ndipo kahawa inapoingia. Februari 2025 bei ya arabika katika soko la dunia ilipanda hadi kuvuka dola 4 za Marekani kwa ratili, kiwango ambacho hakikuwahi kufikiwa. Mbozi ni miongoni mwa wilaya zinazotegemewa kwa arabika nchini, na ina kituo cha utafiti wa kahawa cha TaCRI pale Mbimba. Bei ya namna hiyo hubadili mawazo ya mtu. Kijana aliyekuwa akiona mibuni ya baba yake kama mzigo anaanza kuuliza miche. Lakini bei ya kahawa nayo hushuka, kila mkulima wa Mbozi mwenye umri wa kutosha amewahi kuiona ikishuka hadi watu wakang'oa mibuni. Ndiyo maana senti za wageni, hata zikiwa chache, si za kudharauliwa. Zinaingia miezi ambayo chama cha msingi hakijalipa.

Tatizo ni kalenda. Kilele cha kuchuma kahawa kinaangukia kiangazi, na kiangazi ndicho msimu mzuri wa wageni, barabara zikiwa kavu. Juni 30, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 2016 kuwa siku ya kimataifa ya kuzungumzia vimondo, hukuta watu wako mashambani na wanafunzi wengi wako likizo ya katikati ya mwaka. Familia yenye watu watatu wa kazi haiwezi kuchuma, kumenya kahawa mbivu, kuanika na papo hapo kuuza chai. Lazima mmoja aachwe na kibanda, na wengi huona mikono hiyo inahitajika zaidi kwenye kahawa. Wale watakaoelewana na walimu kuhusu miezi ya ziara za mafunzo wakati shule zimefunguliwa na kahawa haijaiva ndio watakaopata pande zote mbili.

Mgeni wa aina hii ana faida moja ambayo haionekani kwenye vipeperushi: hatishiki ovyo. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa mkoani Kagera, ukaisha Juni. Januari 2025 ukatangazwa tena katika mkoa huo huo, ukaisha Machi. Mtu aliyeko Ulaya akisikia Tanzania kuna Marburg hafungui ramani, anafuta safari. Mwalimu wa Tunduma anajua Kagera ni mwisho mwingine wa nchi, na basi lake linaondoka Jumamosi kama lilivyopangwa. Mwaka 2024 watalii wa ndani nchini walizidi milioni tatu, zaidi ya wale wa nje, ingawa wanatumia fedha kidogo zaidi.

Anachokiogopa mgeni wa ndani ni kipindupindu. Mlipuko ulioanza Zambia mwishoni mwa mwaka 2023 uliua watu zaidi ya 700 nchini humo, na kati ya Nakonde na Tunduma watu huvuka kwa miguu kutwa nzima. Ugonjwa huu hauhitaji ndege, unahitaji ndoo isiyofunikwa na choo kilichojaa. Kwa mama ntilie, kurudisha imani ya wateja si suala la matangazo ya televisheni. Ni maji yaliyochemshwa, ndoo ya kunawia yenye koki, sabuni iliyopo kweli na si chupa tupu, na choo ambacho mwalimu mkuu hataona aibu kuwaonyesha wanafunzi wake. Ndoo nyingi za kunawia zilizowekwa wakati wa corona zimeishia kuhifadhia pombe au kumwagilia bustani. Kuirudisha moja mlangoni ni gharama ndogo kuliko bango.

Kuhusu miradi mikubwa, tahadhari inahitajika. Mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 150 kwa ajili ya kukuza utalii wa Kusini kupitia mradi wa REGROW, uliolenga hifadhi za Ruaha, Mikumi, Udzungwa na iliyokuwa Selous. Mbozi haikuwamo, lakini maneno ya "utalii wa Kusini" yalisikika hadi huku na kupandisha matumaini, pengine na bei za viwanja. Mwaka 2024 benki hiyo ilisimamisha kutoa fedha kutokana na malalamiko ya wananchi wanaoishi jirani na Ruaha, na kabla ya mwaka kwisha mradi ukafutwa. Aliyejenga kwa kutegemea bango la mradi anafahamu maana yake.

Fedha zilizo karibu zaidi ni zile za halmashauri, asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo ya vikundi: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Haina riba. Kikundi kinachoomba kwa ajili ya "utalii" kwa jumla kitapata taabu kujieleza mbele ya ofisa maendeleo ya jamii. Kinachoomba mashine ya kukaanga na kusaga kahawa, mizani na vifungashio, ili msafiri anayetoka Kimondo aondoke na robo kilo ya kahawa ya Mbozi, kina cha kuonyesha. Inashangaza kwamba katika wilaya inayolima kahawa kiasi hiki, mgeni anayeagiza chai ya rangi huhudumiwa haraka kuliko anayeuliza kahawa, na kahawa yenyewe mara nyingi hutoka kwenye kopo.

Biashara hiyo ina uzuri mwingine. Mgeni asipokuja, kahawa iliyokaangwa inauzwa Vwawa, Mlowo na Tunduma, na ile isiyokaangwa inapelekwa chama cha msingi kama kawaida. Chumba cha kulala kikikosa mtu usiku wa leo, usiku huo haurudi kuuzwa kesho.