Bolti ya Bunduki Ikigoma, Tusikimbilie Nyundo

Hapa Michigan msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki huanza tarehe 15 Novemba, na kila ukikaribia naulizwa swali lile lile: "Bwana, bolti imegoma, nifanyeje?" Nawajibu wote kwa pamoja.

Bolti ni kile chuma kinachokwenda mbele kuingiza risasi chemba, kisha kurudi nyuma kutoa ganda. Kwenye bunduki inayojikoki yenyewe, kazi hiyo mara nyingi hufanywa na gesi ya baruti.

Kabla ya yote, hesabu kuwa ina risasi. Mdomo wa mtutu uelekee pahala salama, kidole kiwe mbali na kifyatulio, magazini ichomolewe. Lakini jamani, kuchomoa magazini hakuiondoi risasi iliyomo chemba! Na kama umefyatua ikakaa kimya, subiri japo nusu dakika, maana baruti huweza kuchelewa kushika moto.

Halafu tazama bolti imesimama wapi.

Imefunga kabisa baada ya kufyatua: mara nyingi ganda limenasa kwa uchafu au kutu. Bunduki ya kukoki kwa mkono hulilegeza ganda kwanza pale unapoinua mkono wa bolti. Hii yetu hulivuta moja kwa moja, ndiyo maana chemba chafu kidogo tu yatosha kuikwamisha.

Imesimama katikati: ganda limebanwa mlangoni, au limekutana na risasi inayopanda. Ivute bolti nyuma, ishikilie imara, ukung'ute kilichonasa.

Imekwenda mbele lakini haikufunga: ni uchafu, mafuta yaliyoganda kwa baridi, au risasi iliyojazwa upya nyumbani na ganda halikurudishwa kwenye kipimo chake. Usiisukume kwa nguvu. Itoe risasi hiyo.

Ikiwa huna hakika kama chemba ina risasi nzima, usiipige bolti kwa nyundo wala usipitishe fimbo ya chuma mtutuni. Usiipakie garini pia; sheria ya hapa inakataza kubeba bunduki yenye risasi ndani ya gari. Mpigie fundi bunduki aje au akuelekeze.

Kinga yake ni rahisi: brashi ya chemba, kitambaa kikavu, na mafuta mepesi kidogo sana kwenye reli. Chemba yenyewe iwe kavu.

Ikikwama tena baada ya usafi, mwachie fundi. Kwa mfano, Remington Woodsmaster 742, iliyotengenezwa kuanzia 1960 hadi 1980, inajulikana kwa reli zake za ndani kuliwa na bolti. Hapo brashi haisaidii kitu.

Mwenye neno zuri kuliko hili "bolti" alilete. Kulungu yupo kila mwaka; jicho halioti tena.

Wasalaam.