Tonge Moja, Bili Mbili
Kipimo cha kumeza kwa bariamu huchukua dakika chache tu, lakini nchini Marekani huzaa madai mawili ya malipo, na mara nyingine matatu. Mgonjwa, aghalabu aliyepatwa na kiharusi, huketi kwenye mashine ya eksirei akapewa kijiko cha kinywaji chepesi chenye bariamu, kisha kitu kizito kama uji, kisha kipande cha biskuti. Bariamu huzuia miale, kwa hiyo kila tonge huonekana kwenye video likitoka kinywani hadi kwenye umio. Kinachowindwa ni kupaliwa, hasa kule kusiko na kishindo: chakula kinaingia njia ya hewa na mwenyewe hata hakohoi.

Wanaofanya kazi hiyo ni wawili. Daktari wa radiolojia husimamia picha na kuzisoma. Mtaalamu wa usemi na umezaji huchagua uzito wa chakula, humwambia mgonjwa ainamishe kidevu, na huangalia kama tonge linapita salama zaidi. Katika CPT, orodha ya misimbo ya huduma iliyotolewa kwanza na Chama cha Madaktari cha Marekani mwaka 1966, daktari hudai kwa 74230 na mwenzake kwa 92611. Aliyeletewa bili mbili ana haki ya kushangaa, ila kazi zenyewe ni mbili, na kila mmoja hutakiwa kuandika ripoti yake.

Mkanganyiko uko hospitalini. Mashine, bariamu na fundi ni vya hospitali. Jicho ni la daktari. Basi daktari huongeza alama 26 mwishoni mwa 74230, kuonyesha kwamba anadai usomaji pekee, nayo hospitali hudai gharama zake kivyake. Mwenye kliniki na mashine yake huandika msimbo mtupu. Picha ya shingo inayopigwa kabla ya kumeza imo humo humo, haitozwi peke yake.

Bima hutaka pia sababu ya kipimo, nayo huandikwa kwa ICD-10-CM, orodha ya misimbo ya magonjwa iliyoanza kutumika Marekani Oktoba 1, 2015. R13.10 ni shida ya kumeza isiyobainishwa, jibu la mvivu ikiwa ripoti tayari imetaja mahali: R13.11 ni kinywani, R13.12 ni kinywa na koromeo, R13.13 ni koromeo. Ikiwa chanzo ni kiharusi cha mshipa wa ubongo kuziba, I69.391 hutangulia, na msimbo wa mahali hufuata.